Sifuri Niliyokupa kwa Kuandika Sifuri

Soni, Ijumaa, saa kumi jioni

Mwanangu Ester,

Mama yako amekutuma Lukozi ukamuage shangazi yako, na mimi amenituma mezani. Usije ukadhani safari yako ya leo ni ya shangazi peke yake. Shangazi ulishamuaga tangu Jumapili kanisani, na mkalia wote wawili. Umepelekwa huko kusudi nyumba iwe tupu, nipate kuandika bila wewe kunichungulia begani na kunisahihisha kabla sijafika kwenye nukta.

Mambo ya safari sikuandikii. Mama yako amekwisha kukuambia kuhusu sabuni, kuhusu shuka la pili, kuhusu ndoo ambayo hutakiwi kumwazima mtu hata akipiga magoti, na kuhusu yale mengine ambayo nilipoingia jikoni mkanyamaza. Kama kuna jambo la kila siku ambalo hakulitaja, basi jambo hilo halipo. Mimi nimeachiwa moja tu, na hilo nimelikimbia mwaka mzima.

Asubuhi, kabla sijanywa chai, mama yako alisimama mlangoni akaniambia kwamba ukifika Iringa utakwenda moja kwa moja ofisini kuomba ubadilishiwe masomo. Umechaguliwa Kidato cha Tano kusoma fizikia, kemia na hisabati, na wewe unataka historia. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Muulize mwanao." Nikamwambia nakuuliza wewe. Ndipo akanipa maneno yako kama ulivyoyasema, na unajua yeye hajui kupunguza chumvi, si kwenye makande wala kwenye maneno.

"Amesema afadhali historia, maana huko kila mtu anajua kwamba wanabishana. Fizikia ya baba yake, mtu anapata jibu, mwalimu anajua kabisa kwamba amepata, halafu mwalimu ananyamaza."

Akaongeza la kwake.

"Baba Ester, una mpaka basi la kesho. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na mimi nitamwambia pale stendi, mbele ya wauza kabichi."

Unawajua wauza kabichi wa Soni. Habari ikiwafikia saa mbili asubuhi, saa nne iko Mombo imekaa juu ya magunia inasubiri treni. Kwa hiyo nimekaa, na kalamu ninayo.

Nianzie mbali kidogo. Hujawahi kusikia kutoka kwangu jinsi nilivyokuwa mwalimu wa fizikia. Unachokijua ni ile hadithi ninayowasimulia wageni, kwamba mkuu wa shule aligundua kipaji changu. Ukweli ni kwamba mimi nilisomea kilimo. Cheti changu kipo kwenye fremu pale sebuleni, na wewe umekipangusa vumbi tangu ukiwa mdogo, lakini nadhani hujawahi kukisoma hadi mwisho kwa sababu kona ya chini imefunikwa na kalenda. Kalenda ile niliitundika mimi. Ukiinyanyua utaona neno "Kilimo."

Mwaka mmoja, nikiwa nafundisha kilimo, mwalimu mgeni wa fizikia mkataba wake ulikwisha akarudi kwao, na nchi ilikuwa bado changa, walimu wa sayansi wa kwetu ukiwahesabu hawatoshi kujaza benchi moja. Mkuu wa shule alikuwa na redio iliyokataa kusema. Akaniita. Nikafungua mgongo wa redio nikaona betri zimewekwa kinyume, nikazigeuza, redio ikaanza kusoma taarifa ya habari katikati ya neno. Jumatatu nikakuta jina langu kwenye ratiba, vipindi kumi na viwili vya fizikia, Kidato cha Tatu na cha Nne.

Ningeweza kwenda kumwambia kwamba nimegeuza betri tu. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Lakini nilipopita uwanjani wanafunzi wawili walinisalimia, "Shikamoo mwalimu wa fizikia," na mwanangu, mimi mtu aliyekuwa akiitwa mwalimu wa kabichi, maneno yale yaliniingia mpaka kwenye magoti. Nikageuka nikarudi. Hapo ndipo nilipoanza kukosea, na makosa mengine yote yalizaliwa na hilo.

Kitabu kilikuwa kimoja, cha Kiingereza, nami nilikisoma jioni kwa jioni nikiwatangulia wanafunzi kurasa nne. Nikienda msibani, tunakuwa sawa. Umeme wa kutembea kwenye waya niliuelewa vizuri, kwa sababu niliufananisha na mifereji ya maji ya kumwagilia mashamba, na hilo ni somo langu. Kilichonitesa ni umeme uliotulia, zile chaji zilizokaa mahali pake na bado zinavutana na kusukumana bila kuguswa. Kanuni yake niliikariri. Unachukua chaji ya kwanza, unazidisha kwa ya pili, unazidisha tena kwa ile namba kubwa, tisa yenye sifuri tisa nyuma yake, halafu unagawanya kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Nilikuwa naisema nikitembea njiani kwenda shuleni. Wazee waliokutana nami walidhani nimeanza kusali.

Siku ya kwanza kuifundisha, kitabu kilitoa chaji mbili, kila moja kulombi mbili, zikiwa zimeachana sentimita thelathini. Angalau ndivyo nilivyosoma. Mbele ya neno kulombi palikuwa na alama fulani kama herufi u yenye mkia, nami nikaona ni doa la mtambo wa kuchapia. Nikahesabu ubaoni, chaki inakatika kwa haraka, na jibu likatoka nyutoni milioni laki nne. Sasa nyutoni moja ni kama uzito wa karoti moja ya wastani. Mtu mwenye akili angesimama hapo ajiulize karoti milioni laki nne zinatafuta nini darasani. Mimi nikawageukia wanafunzi kwa sauti nzito nikawaambia, "Mnaona sasa kwa nini umeme si wa kuchezea." Kisha nikawaamuru wote warudi nyuma benchi mbili, kwa sababu nilikuwa nimening'iniza vijipira viwili vya kiini cha bua la mahindi na nilikuwa karibu kuvitia chaji.

Walirudi nyuma. Mmoja alifunika uso kwa daftari. Nikasugua rula ya plastiki kwenye sweta, nikavigusa vijipira, na vijipira vikabaki vinaning'inia kama nguo za mtu mvivu. Nikawaambia umeme wa leo umechoka kwa sababu ya ukungu.

Cha ajabu ni kwamba hapo nilikuwa nimesema kweli bila kujua. Mwezi wa saba huku kwetu hewa yenyewe unaweza kuikamua, na kwenye unyevu chaji inatoroka kabla hujaiona. Lakini mimi niliposoma kwamba vifaa vikae pakavu, nilifanya kile ambacho Msambaa yeyote angefanya. Mahali pakavu kuliko pote nyumbani ni wapi? Ni darini jikoni, juu ya moto, kwenye mahindi ya mbegu. Nikapandisha huko rula, vijipira, na kipande cha hariri nilichokata kwenye kitambaa cha mama yako cha harusi, jambo ambalo tusiliguse. Wiki mbili vikakaa juu ya moshi. Nikavishusha, vimekauka kabisa, nikavipeleka darasani kwa fahari, nikasugua mpaka sweta ikatoka uzi. Hata kipande cha karatasi hakikutikisika.

Niliporudi nyumbani nikamlalamikia mama yako. Alikuwa anapepeta maharage. Akaichukua rula, akapitisha kidole, akanionyesha kidole kikiwa cheusi. "Masizi haya," akasema. "Wewe unataka kitu kisafi, unakiweka kwenye moshi?" Nikamweleza kwamba fizikia haihusiani na usafi wa jiko. Miezi sita baadaye nikafika ukurasa unaosema kwamba masizi ni kaboni na kaboni inapitisha umeme, kwa hiyo kila chaji niliyoisugua kwa jasho langu ilikuwa inateremka kwenye masizi inakwenda mkononi kwangu na kuishia ardhini. Sikumwambia mama yako. Namwambia leo, maana najua barua hii ataisoma kabla yako.

Nakusimulia haya ili ujue ulikuwa unafundishwa na nani ulipoingia darasani kwangu, na ili ule mtihani wetu wa mwaka jana usiuone kama ajali. Mtu aliyekwisha kudanganya kuhusu betri, doa na ukungu, alikuwa amefanya mazoezi ya kutosha.

Swali la nne. Nalikumbuka kuliko tarehe ya harusi yangu. Chaji tatu kwenye mstari mmoja, kila moja mikrokulombi mbili, na safari hii ule mkia wa herufi nilishajua maana yake, kwamba ni sehemu moja ya milioni. Ya katikati ni chanya, za pembeni zote mbili ni hasi, umbali sentimita thelathini kila upande. Tafuta nguvu inayoikuta ile ya katikati. Mimi nilikuwa na jibu langu kwenye karatasi ya kusahihishia: ya kushoto inavuta kwa nyutoni sifuri nukta nne, ya kulia inavuta kwa sifuri nukta nne, jumla sifuri nukta nane. Kwenye kitabu mfano kama huo ulikuwa na mishale, mmoja unakwenda huku na mwingine kule. Mishale ile niliiona. Niliona ni mapambo.

Darasa zima liliandika sifuri nukta nane, kwa sababu ndivyo nilivyowafundisha. Wewe ulihesabu zile mbili vizuri kabisa, ukachora mishale yako, na chini ukaandika: "Jumla ni sifuri, kwa sababu zinavuta pande mbili." Nami nikachukua kalamu nyekundu nikakupa sifuri. Niliichora kubwa. Nilichora na mstari chini yake.

Uliposimama kuuliza, hukuuliza kwa kiburi. Ulisema, "Samahani mwalimu, kama jibu ni sifuri nukta nane, chaji inakwenda upande gani?" Lilikuwa swali la mistari miwili na halikuwa na jibu. Nikakutoa nje ukakate majani uwanjani mpaka kengele. Nilikutazama dirishani ukiinama na panga. Hukulia. Ulikuwa unakata majani kwa safu zilizonyooka, na mimi nikajua kwamba safu zile ndizo majibu yako kwangu.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi ukapulizwa msaragambo, baragumu la kuita kijiji kizima kwenye kazi.

Unaikumbuka siku ile, lakini sijui kama unajua ilivyonikuta mimi. Gogo la mkaratusi lilikuwa limelala njiani pale bondeni. Balozi wa nyumba kumi za juu alikuwa amewaambia watu wake gogo ni la kenchi ya paa la zahanati. Balozi wa chini amewaambia wake ni la darasa jipya. Mabalozi wale wawili walikuwa hawajasalimiana tangu mavuno, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza mwenzake. Watu thelathini wakafunga kamba kichwani mwa gogo, watu thelathini wakafunga mkiani, ukaanza wimbo mmoja na mvuto wa pande mbili. Mimi nilikuwa kwenye kamba ya chini pamoja na majirani zetu. Wewe ulikuwa kwenye kamba ya juu, kwa sababu rafiki zako walikuwa huko.

Tulivuta. Migongo ikalowa. Vumbi lilipanda mpaka kwenye kope, na gogo halikusogea hata upana wa kidole. Mama yako alikuwa amekaa kando na wenzake wakimenya viazi vya chakula cha kazi. Akapaza sauti kwa Kisambaa, na kila mtu akasikia, "Hebu wewe wa fizikia, nieleze. Watu sitini wanavuta, mbona gogo halitoki?"

Watu wakacheka. Mimi nikainua macho. Ng'ambo ya gogo, hatua kama ishirini, ulikuwa umeshika kamba yako, umesimamisha visigino ardhini, unanitazama mimi. Uliinua nyusi kidogo tu, kama mtu anayemsubiri mwanafunzi mzito amalize kuhesabu.

Nilimaliza kuhesabu, Ester. Pale pale, kamba mkononi. Thelathini huku, thelathini kule, na katikati gogo limetulia. Mishale haikuwa mapambo. Nilishtuka hata nikaiachia kamba, walionifuata wakadhani tumeamriwa kupumzika nao wakaachia, na gogo likaruka kwenda kwenu juu likiwaburuta watu wetu wanne waliokuwa wabishi. Zahanati ikapata kenchi. Balozi wetu hajanisamehe mpaka leo, anadhani nilihongwa.

Kwa hiyo ulichomwambia mama yako ni kweli. Nilijua tangu Jumamosi ile, nawe ulijua kwamba nimejua, maana uliniona nikijua.

Sasa Jumatatu. Hapa ndipo penye aibu yenyewe, na nimeshakunywa maji mara mbili kabla ya kuandika sentensi hii. Niliingia darasani nikasema, "Lile swali la nne, jibu sahihi ni sifuri. Nilikuwa nawapima, nione nani atasimamia jibu lake." Nikawafundisha mishale kwa kipindi kizima, kwa ufasaha, kana kwamba nimezaliwa nayo. Mwanafunzi mmoja akauliza kuhusu alama. Nikasema daftari la alama limekwisha kupelekwa ofisini, haziwezi kubadilishwa. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya meza, linagusa kiatu changu.

Nilijitetea moyoni kwa namna nyingi. Nilijiambia nikimpa binti yangu alama kumi watu watasema nampendelea. Ni uongo mzuri huo, una sura ya uadilifu, hata mchungaji angeupokea. Ukweli ni mdogo kuliko hapo. Niliogopa. Niliogopa kwamba nikikiri swali la nne, mtu atauliza na lile la milioni laki nne, kisha na lile la ukungu, tutateremka hivyo hivyo mpaka tufike kwenye betri, na pale chini nitakutwa mimi, mwalimu wa kabichi. Nilimwacha mwanangu abebe sifuri ili mimi nibaki na jina.

Nawe ukabadilika. Si kwamba ulinikosea adabu, shikamoo yako iko pale pale kila asubuhi. Lakini zamani ulikuwa unanijia mezani na maswali, kwa nini chai inazunguka ukiikoroga halafu inasimama, kwa nini mwangwi wa kule bondeni unachelewa. Baada ya hapo ukaacha kuuliza. Nimekaa mwaka mmoja kwenye meza hii nikisahihisha madaftari huku nimetega sikio kusikia kama unakuja na swali, na ulikuwa unapita kwenda jikoni. Iliniuma, na sikuwa na wa kumlaumu.

Leo asubuhi nilipoondoka chai yangu ikiwa haijanyweka, nilikwenda shuleni nikaingia Kidato cha Nne. Mada ilikuwa nyingine. Nikachora ubaoni zile chaji tatu. Nikawaambia kwamba mwaka jana mwanafunzi mmoja anayeitwa Ester alilijibu swali hili sawasawa, nami nikampa sifuri na kumtoa nje kukata majani, na kwamba sikuwa nampima mtu yeyote, nilikuwa sijui. Nikawaambia na kuhusu cheti. Kisha kijana wa nyuma akanyoosha mkono akauliza kwa heshima zote, "Samahani mwalimu, na hili la leo unatupima?"

Hayo ndiyo malipo yangu, na ni haki. Itanichukua muda mpaka waniamini ninaposema sijui. Lakini nikuambie kitu, nilipotoka pale nilikuwa mwepesi hata nikapita njia ya mlimani bila kupumzika. Miaka yote hii nimebeba neno "Kilimo" kama gunia, kumbe ningelitua wangeniuliza tu lina nini ndani, tukaendelea na somo.

Basi, kuhusu historia. Ukiipenda, isome. Sitakuandikia barua ya pili ya kukubembeleza, na mama yako nimemkataza, ingawa kumkataza mama yako ni kama kusugua ile rula siku ya ukungu, hakitikisiki kitu. Ninachokuomba ni kimoja. Usiiache fizikia kwa sababu yangu. Fizikia haikukudanganya. Gogo lilikuwa upande wako tangu mwanzo. Aliyekudanganya ni mtu, na mtu huyo yuko hapa Soni, umri umekwenda, anaomba radhi. Nisamehe, mama. Nimekukosea, na nimelijua kosa hilo kila siku ya mwaka huu.

Nikutaarifu pia kwamba nimejaribu kuhesabu. Kanuni inasema umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inabaki robo. Kwa kanuni hiyo, ukifika Iringa, mvuto kati yangu na wewe unatakiwa uwe mdogo kiasi cha kutohisiwa hata na sisimizi. Nina mashaka. Bibi yako yupo Mtae, mwisho wa njia mbovu kuliko zote, na nguvu yake juu ya nyumba hii haijapungua hata robo. Akikohoa kule, hapa tunanyoosha nguo. Kwa hiyo nadhani kuna vitu ambavyo kanuni hii haikutungiwa, na ukifika kwa walimu wenye vyeti vyenye neno sahihi, waulize. Uliza hata wakikuudhi. Wakikutoa nje ukakate majani, niandikie, nitakuja na panga langu tukate wote.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi yako ya mtihani. Sikuitupa. Ilikuwa darini jikoni, ndani ya kopo la mbegu, mahali pakavu, ndiyo maana inanuka moshi. Sifuri yangu nimeikata. Nilitaka kuandika kumi kwa kalamu nyekundu lakini wino umekauka, kwa hiyo kumi yako ni ya bluu. Daftari la alama pia nimelirekebisha leo na mkuu wa shule ametia sahihi pembeni, akashangaa kwa nini nahangaika na alama za mtu aliyekwisha kumaliza.

Kesho asubuhi basi litateremka kutoka Lushoto, litasimama pale stendi, na utapanda. Mama yako atalia na kukupa viazi. Mimi utaniona nimesimama tu kando ya mikungu ya ndizi, mikono nyuma, sisogei mbele wala nyuma, na ninakujua, utafikiri baba hana neno. Chora mishale, Ester. Kuna nguvu moja inayonivuta nipande nikushushe na sanduku lako nikurudishe nyumbani. Kuna nyingine, sawa na hiyo kabisa, inayotaka uende, ufike, usome mpaka unipite kabisa. Nimesimama katikati. Jibu langu la kesho ni lile lile uliloliandika wewe, na lilikuwa sahihi.

Baba yako akupendaye,
mwalimu wa kilimo